Salamu Nilizomwongezea Mdhamini

Wanangu mnaoingia ofisini kwa chama chetu mwaka huu, nimeombwa niwaandikie uzoefu wangu. Najua watu wakimwomba mzee uzoefu wanataka aseme jinsi alivyoshinda. Mtanisamehe. Mimi nitawaambia jinsi nilivyokaribia kumwaga josho zima la kijiji cha Dirma nikiwa nimekaa kwenye kiti Babati, bila kushika hata ndoo.

Nawajua baadhi yenu mmetoka chuo cha kompyuta na hamjawahi kuona josho. Ni birika refu la saruji lililochimbiwa ardhini, limejaa maji yaliyochanganywa na dawa. Ng'ombe anatumbukizwa upande huu, anaogelea, anatokea upande ule akijitingisha, na kupe wake wanakufa. Ukisimama karibu unaloa mpaka shingoni. Nendeni mkaone, msikae tu na simu zenu.

Mimi ni Paskalina wa Dongobesh, karani wa kwanza wa chama hiki cha mabwana na mabibi mifugo wa Mbulu na Hanang. Kwenye katiba nilikuwa karani, lakini wanachama waliniita Katibu na mimi sikuwakataza. Kabla ya hapo nilikuwa mchapaji serikalini, ofisi ya mifugo pale Mbulu. Soko huria lilipoingia, majosho yakakabidhiwa kwa wanakijiji, dawa zikaanza kuuzwa madukani, na watumishi tukapunguzwa. Barua ya kunipunguza mimi niliichapa mwenyewe, na sikukosea hata nukta. Mkuu wangu alipoisaini aliniambia, "Paskalina, kazi safi," kisha akakumbuka ilikuwa inahusu nini, akainamisha kichwa.

Mabwana mifugo nao walibaki kila mtu peke yake huko kijijini. Zamani dawa ilitoka wizarani na maelezo yake. Sasa kila duka lilikuwa na chupa yake na kila muuzaji alikuwa daktari. Ndiyo maana waliunda chama, wapate mafunzo na wapashane habari. Mwenyekiti alikuwa Bwana Akonaay, daktari wa mifugo mstaafu, mtu mrefu, mpole, anayesoma barua akiwa amesimama. Alinifuata nyumbani akaniambia, "Una mikono miwili na taipu umeizoea. Njoo Katesh." Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitenge.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unachapa barua kwenye karatasi ya stensili, ukikosea unapaka rangi nyekundu ya kufutia, unapuliza ikauke, unachapa tena. Unaiweka kwenye mashine ya kurudufu, unazungusha mkono, nakala zinatoka na wino unakupaka mpaka kwenye paji la uso. Halafu unatia kwenye bahasha na kumkabidhi kondakta wa basi. Kondakta ndiye alikuwa posta yetu. Mkikosana na kondakta, Gitting nzima haipati barua mwezi mmoja. Nilimpelekea mmoja chapati kila Jumamosi, na wala sijutii.

Siku ya kwanza nilimpelekea Bwana Akonaay barua ya kuwaita wanachama kwenye semina. Niliandika kiserikali: kumbukumbu namba, kichwa cha habari kilichopigiwa mstari, rejea. Akaisoma amesimama, akanirudishia.

"Paskalina, ng'ombe umewauliza?"

"Ng'ombe gani, mzee?"

"Hao unaowaandikia wana nyumba, wana watoto, wana ng'ombe. Mvua imenyesha au haijanyesha. Wewe unaingia nyumbani kwa mtu na kumwambia njoo semina tarehe fulani? Ungefika mlangoni kwangu hivyo, ningekuuliza nani amekufa."

Nikaichapa upya. Tangu siku hiyo kila barua ya chama ilianza na salamu nusu ukurasa, semina ikabanwa chini. Na watu walikuja. Hata waliokuwa na udhuru walituma majibu marefu, ng'ombe kwanza, udhuru baadaye.

Mkoa wa Manyara ulipozaliwa, tulifurahi kwa sababu ya miguu yetu. Mambo mengi yaliyokuwa yanatupeleka Arusha yalianza kupatikana Babati. Na Babati ikafunguliwa intaneti kafe, kompyuta nne ndani ya chumba chenye pazia. Kufungua ukurasa mmoja ilikuwa unaweza kwenda sokoni, ukanunua vitunguu, ukarudi ukakuta picha imefika nusu. Kila Alhamisi nilipanda basi la asubuhi kutoka Katesh, nikafika nikiwa mweupe kwa vumbi, nikaketi kwenye mashine ya pembeni, maana ile ya mlangoni kila apitaye alikuwa anasoma barua zako.

Wakati huo ndipo tulipompata mdhamini, kampuni moja ya Arusha iliyouza dawa za mifugo. Kampuni ingegharamia mkutano wetu wa mwaka na mafunzo ya wanachama. Nasi tungeruhusu matangazo yake yawafikie wanachama kwa imeili. Bwana Akonaay alikubali kwa sharti moja, na aliliandika kwa mkono wake: chini ya kila tangazo uwepo mstari unaosema hili ni tangazo la mdhamini, chama hakijaipima dawa hii na hakihusiki na yaliyomo. Mkumbuke mstari huo. Mimi sikuukumbuka.

Basi wakataka anwani za imeili za wanachama wote. Wanachama thelathini na kitu, na aliyewahi kuona kompyuta ni mmoja, tena alikuwa ameiona kwenye lori ikishushwa. Nikawafungulia wote sanduku la barua mimi mwenyewe, mmoja mmoja, Alhamisi baada ya Alhamisi. Kila mmoja nilimwambia anipe nenosiri, neno la siri ambalo hawezi kulisahau hata akiamshwa usingizini. Wote, bila kuambiana, walinipa jina la ng'ombe. Niliyaandika kwenye daftari kubwa, na daftari hilo lingeibwa, mwizi angejua ng'ombe bora wa wilaya mbili. Mwanachama mmoja wa Gitting alisafiri mpaka ofisini kunitaka nibadilishe lake. Alikuwa amemuuza yule ng'ombe na hakutaka aendelee kutajwa mbele ya watu.

Utaratibu ukawa huu. Matangazo yanafika Babati kwa Kiingereza, nafungua sanduku moja, naandika upya kwa Kiswahili, nachapisha nakala, napiga muhuri wa chama, nampa kondakta. Msiniulize kwa nini muhuri. Karatasi isiyo na muhuri kule kwetu ilifungiwa tumbaku.

Tangazo la kwanza lilianza, "Ndugu mwanachama, usikose!" Nililitafsiri lilivyo. Wiki ya pili likarudi kutoka Tlawi, limekunjwa vizuri, na nyuma yake bwana mifugo wa huko, mtu mzima, ameandika kwa kalamu: "Huyu mwandishi hakusalimu. Mrudishieni ajifunze." Mwingine akasema hakusoma zaidi ya mstari wa kwanza kwa sababu alidhani anagombezwa.

Nikajiambia, kijana wa watu hana kosa, hajui tu. Aliyekuwa anasaini matangazo aliitwa Felix. Nikaamua kumsaidia Felix. Tangazo la pili likatoka hivi: "Shikamooni wazee wangu, na ninyi wa rika langu hamjambo? Habari za nyumbani, habari za watoto, ng'ombe wanaendeleaje na jua hili? Mimi huku Arusha mzima, nawawaza sana." Dawa yenyewe ya minyoo ilikuja baada ya hapo, kwa unyenyekevu.

Wanangu, barua zilimiminika. Makondakta walinishushia majibu kwenye mfuko wa unga. Walimjibu Felix habari za ng'ombe wao kwa majina na rangi, nani kazaa, nani kavunjika mguu. Mmoja akamtumia asali kwenye galoni. Nikawa naketi Babati na kumwandikia Felix majibu yote, neno kwa neno, asali nikaila mimi kwa niaba yake kwa sababu galoni halipiti kwenye imeili.

Arusha walishangaa. Vyama vingine havikuwa vinajibu hata mstari mmoja, na hawa wa Mbulu na Hanang wanaandika kurasa. Mkurugenzi wao alisifu. Mafunzo yakaongezwa. Nami nikazidi kunogewa. Wanachama walipouliza kama Felix ana familia, sikuwa najua, nikawajibu kwa niaba yake kwamba bado hajajaliwa kuoa. Ndani ya mwezi alikuwa amepewa mabinti watatu, mmoja mwalimu. Felix akanipigia simu ofisini, kwenye simu ya duka la vitenge.

"Mama Paskalina, shikamoo. Samahani mama, kuna mzee ananiuliza nitaleta lini wazee wangu. Wazee wa nini?"

"Marahaba mwanangu. Ni maongezi tu ya huku."

"Mama, mimi nina mke na watoto wawili!"

"Hongera sana," nikamwambia, na barua iliyofuata Felix akaoa ghafla. Wanachama walimlaumu kwa kutowaalika.

Sasa ule mstari wa chini. Kila tangazo lilikuja nao, Kiingereza cha herufi ndogo ndogo kama kupe. Mwanzoni niliutafsiri. Lakini jisomeeni wenyewe: mtu anakusalimu, anauliza watoto, anakuaga, halafu chini kabisa mimi naandika kwamba chama hakihusiki na yaliyomo. Hiyo ni sawa na kumkaribisha mgeni, umpe kiti na uji, halafu uwaambie majirani humjui. Niliona aibu. Nikautoa. Sikumwambia mtu, na sikuona kama ni jambo la kumwambia mtu.

Picha nazo nilizitoa, ili kuokoa wino.

Na ukali wa lugha niliulainisha. Mwisho wa kiangazi cha mwaka mmoja likaja tangazo la dawa mpya ya kupe. Kiingereza chake kilikuwa cha kufoka: mbona unang'ang'ania ya zamani, badilisha leo! Huwezi kumfokea mzee. Nikaandika, "Wazee wetu, kwa heshima tunawashauri mwache dawa ya zamani kwenye kuogesha, mtumie hii." Tunawashauri. Muhuri wa chama juu, salamu katikati, mstari hakuna. Nikampa kondakta na kwenda kunywa chai.

Hapa lazima niwaambie habari za Elia. Elia alikuwa bwana mifugo wa Dirma, mzaliwa wa kule kule, mtu wa maneno machache. Kwa miaka sita alizunguka kwenye maboma ya wafugaji akiwaomba wakubali josho. Wengi hawakutaka. Ng'ombe wao walikuwa wameishi na kupe tangu mababu, na serikali iliyojenga josho ilikuwa imewaachia na kuondoka. Elia alilala kwenye maboma yao na kukesha na ndama wao wagonjwa. Wakakubali mmoja mmoja. Wa mwisho kukubali alikuwa Mzee Gidashang, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, na alipokubali yeye waliobaki walifuata. Josho la Dirma lilisimama juu ya neno la Elia, basi.

Jumanne moja nikiwa ofisini, kondakta akanipa barua yake. Ilikuwa imekaa njiani siku tatu.

"Dada Paskalina, Tumsifu Yesu Kristo. Hapa hatujambo ila jua. Ushauri wa chama nimeupokea. Nimekaa na wazee siku mbili. Hawakutaka, dawa ya sasa tumeitia juzi tu. Mzee Gidashang alikuwa mgumu zaidi. Nilimsomea salamu za Felix jinsi anavyouliza ng'ombe, akalainika. Jumatano tunamwaga josho lote tuanze na dawa mpya. Wanawake wameshapanga punda wa kuteka maji lamboni."

Nikaisoma mara mbili. Dawa mbili tofauti hazichanganywi kwenye josho, hilo hata mimi karani nilikuwa nalijua. Ukibadilisha dawa unamwaga yote na kujaza maji upya. Na lambo la Dirma mwezi ule lilikuwa tope. Nilimpelekea Bwana Akonaay barua ile pamoja na tangazo la Kiingereza nililokuwa nimelihifadhi, lenye picha yake. Akasoma amesimama. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akakaa.

"Nani amemshauri Elia amwage josho?"

"Felix."

"Felix anauza dawa, Paskalina. Nani amemshauri?"

Akaliweka mbele yangu lile tangazo la Kiingereza.

"Hii picha umeiona? Mtu amebeba bomba la kunyunyizia mgongoni. Hii ni dawa ya bomba. Kwenye josho hakuna aliyeijaribu." Akageuza ile karatasi ya Kiswahili. "Na mstari wangu uko wapi?"

"Niliutoa, mzee. Haukuwa na adabu."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alivua miwani, akaifuta, akasema, "Miaka sita ya Elia. Hilo josho likikauka sasa, ng'ombe wanaingia mvua na kupe wao wote, ndigana, ile homa ya kupe, inaua ndama, na Elia anakuwa mtu aliyewadanganya. Hawatamrudia yeye wala mwingine. Nenda kesho alfajiri. Nenda wewe. Nikienda mimi, watasema mwenyekiti amekuja kumfichia karani wake."

Dirma simu haikuwepo. Jumatano nilipata lori la mfanyabiashara wa Katesh aliyekuwa anapeleka chumvi mnadani, nikakaa juu ya magunia. Sikusali rozari mpaka mwisho, kila nikifika katikati nilikuwa naiona ile karatasi. Alinishusha njia panda na nikatembea. Nilikuwa na viatu vya ofisini, nikavivua.

Nililiona josho kutoka mbali kwa sababu ya watu. Wanaume walikuwa wamejipanga na ndoo, shimo la kumwagia limechimbwa pembeni kama inavyotakiwa, maana Elia hakuwa mtu wa kazi mbovu. Punda wamesimama na madumu. Wazee wamekaa chini na fimbo zao. Ndoo ya kwanza ikainuka, ikamwagwa, ya pili, ya tatu. Nikakimbia, mama mzima, viatu mkononi, nikipiga kelele, "Acheni! Acheni! Msimwage!"

Wakaacha. Wote wakanitazama. Mzee mmoja mwembamba, blanketi begani, akasema kwa Kiswahili cha taratibu, "Mama, hata hujatusalimu."

Huyo ndiye alikuwa Mzee Gidashang. Na mimi ndiye yule niliyekuwa nawafundisha watu wa Arusha adabu.

Nikasimama, nikahema, nikasema, "Shikamooni, wazee."

"Marahaba. Sasa sema."

Nikasema. Niliwaambia kwamba karatasi waliyosomewa ilikuwa tangazo la muuza dawa anayetafuta wateja, kwamba chama hakijaipima ile dawa, kwamba ni ya bomba na kwenye josho haijajaribiwa. Nikasema maneno ya onyo yalikuwepo nami niliyatoa. Elia hakudanganya, alisoma nilichoandika mimi. Elia alikuwa anawatafsiria wale wasioelewa Kiswahili, na alipofika hapo alitazama pembeni, lakini alitafsiri yote.

Mzee Gidashang akauliza, "Huyu Felix. Ndiye aliyeuliza ng'ombe wetu?"

"Hapana, baba. Niliuliza mimi. Niliweka jina lake."

Elia akatafsiri na hilo, na mzee akaegemea fimbo yake.

"Na wewe, ulipouliza, ulitaka kujua?"

Wanangu, nimeulizwa maswali mengi kwenye mikutano mikuu na wakaguzi wamekuja na kuondoka, hakuna swali lililonibana hivyo. Nilitaka kusema ndiyo. Nikasema, "Mwanzoni nilitaka, baba. Baadaye nilikuwa najaza karatasi."

Wazee wakasemezana kwa lugha yao. Elia hakunitafsiria. Mmoja akacheka, mwingine hakucheka. Kisha Mzee Gidashang akapiga fimbo chini mahali palipokuwa na kivuli cha ukuta.

"Kaa hapo. Barua zako tulikuwa hatujamaliza kuzijibu. Tutakujibu wewe."

Nikakaa. Na walinijibu! Boma moja baada ya jingine, ng'ombe mmoja baada ya mwingine: yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika, yule aliyezaa mapacha na mmoja akafa, yule anayekataa kukamuliwa na mtu mwingine ila binti mdogo. Kila nilipotaka kuitikia kwa haraka, Mzee Gidashang alininyooshea fimbo, "Sikiliza." Mgongo uliniuma, njaa iliniuma, na nilianza kucheka ndani kwa ndani kwa jinsi nilivyopatikana. Kisha wakaja kwenye wale waliokufa kwa ndigana kabla ya josho, nao wana majina, na hapo sikucheka tena. Mzee alikuwa na ndama aliyekuwa anamlaza karibu na kitanda chake. Nilifahamu Elia alikuwa amejenga nini pale, na nilichotaka kukibomoa kwa adabu zangu.

Hakuna aliyesema kama josho litaendelea kutumika. Watu waliinua ndoo zao wakaondoka. Elia akanipeleka kwa mkewe nilale, na njiani aliniambia jambo moja tu: "Kesho ni siku ya kuogesha. Sijui kama watakuja." Niliomba samahani. Akasema, "Dada, samahani nimeisikia. Ngoja tuone kesho."

Niruke kidogo niwaambie yaliyofuata Babati, ili msiseme bibi alisimulia hadithi na kazi hakuifundisha. Tangu wiki ile tulituma karatasi mbili. Ya chama ina salamu, muhuri, na maneno yetu. Ya mdhamini ina picha yake, ukali wake, haina muhuri, na mstari wa Bwana Akonaay niliuhamishia juu kabisa, kwa herufi kubwa, kabla ya neno lolote. Arusha walilalamika kwamba majibu yamepungua. Bwana Akonaay akawajibu kwamba majibu hayakuwa yao. Mwaka mzima tulikaa tukihofia watajitoa, kisha Felix akapanda basi akaja mwenyewe kwenye mkutano wetu Katesh, kijana mnene mwenye haya, akazunguka ukumbi akiwasalimu wanachama mmoja mmoja. Yule wa Tlawi alimwuliza kama mkewe hajambo. Kampuni haikujitoa.

Leo ninyi mna makundi ya simu, na matangazo ya wadhamini yanaingia humo kwa dakika moja, mengine yanawaita wapendwa na kuwauliza mmeamkaje. Mkiyapeleka mbele kwa wanachama, yaacheni na sura yake. Kama ni la kuuza, lionekane linauza. Na mkimwuliza mtu habari za nyumbani kwake, msizime simu kabla hajajibu.

Sasa turudi Dirma, asubuhi ya Alhamisi. Elia alikuwa amefika joshoni kabla yangu. Alikuwa amepima dawa upya kufidia ndoo zile zilizomwagwa, amefagia njia ya kuingilia, amesimama mlangoni na fimbo yake. Hapakuwa na mtu. Jua likapanda. Kule kwenye mteremko tuliona makundi ya ng'ombe yametoka, yamesimama, hayateremki. Wenye mifugo walikuwa wanasubiri waone boma la Mzee Gidashang litafanya nini. Elia alitazama mbele tu. Mimi nilimtazama Elia na moyo uliniuma kama alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja.

Halafu vumbi likainuka upande wa kushoto. Ng'ombe wekundu, weusi, wa madoa, na nyuma yao mzee na blanketi lake, anatembea bila haraka. Alifika, hakunitazama. Alisimama karibu na Elia, akamwambia kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie, "Karatasi zitakuja nyingi. Wewe ndiye tunayekujua."

Akapiga mluzi. Ng'ombe wa kwanza akasita ukingoni, akaruka, maji yakatulowesha sote watatu. Wa pili akafuata, wa tatu, na kule mteremkoni makundi yakaanza kushuka. Elia alipangusa uso kwa mkono wa shati, akaupangusa tena, na nilijua si maji ya josho tu.

Mzee Gidashang akanigeukia.

"Mama wa barua. Andika kwamba ng'ombe wa Dirma wameoga leo. Na usiongeze neno."

Nikaandika hivyo hivyo. Ndiyo barua fupi kuliko zote nilizowahi kupigia muhuri.